Kwa nini samaki hukataa chakula wakati wa baridi

Kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, jua huwa adimu katika maeneo ya juu ya Kaunti ya Nyeri. Huko Tetu, Othaya na sehemu za Mathira, kuna siku ambazo mawingu hayaachi mlima kuonekana hata adhuhuri. Mfugaji wa tilapia humwaga chakula asubuhi kama kawaida, na akirudi jioni hukuta tembe bado zinaelea. Wengi hudhani samaki wameugua. Wengine huenda wakanunua chakula cha aina nyingine na kuongeza kingine juu ya kile cha asubuhi. Hasara nyingi za msimu huu huanzia hapo.

Samaki hana uwezo wa kujipasha joto kama ng'ombe au kuku. Joto la mwili wake hufuata joto la maji aliyomo. Tilapia hukua vizuri zaidi maji yakiwa kati ya nyuzijoto 25 na 30. Yakishuka chini ya 20, tumbo lake husaga chakula polepole na hamu ya kula hupungua. Yakikaribia 16, huacha kula kabisa, akashuka chini ya bwawa na kutulia. Hatari ya kufa kwa baridi yenyewe huja maji yakifika karibu nyuzijoto 12 au chini ya hapo, na si mara nyingi bwawa lililojaa vizuri katika maeneo yetu ya makazi hufika huko. Kwa hiyo samaki wanapokufa Julai, sababu mara nyingi ni kile kilichofanywa bwawani wakati miili yao imelegea.

Kinga ya mwili nayo hulegea. Chembe zinazopambana na maradhi hufanya kazi polepole, na jeraha ambalo lingepona haraka Februari hubaki wazi kwa muda mrefu.

Jambo hili linajulikana vyema nchini Norwe, nchi inayoongoza duniani kwa ufugaji wa samoni. Samoni ni samaki wa maji baridi, na hufugwa huko katika vizimba vya neti baharini. Hata hivyo, maji ya bahari yanaposhuka chini ya takriban nyuzijoto 8, samoni hao hupata vidonda ubavuni. Bakteria anayehusika zaidi huitwa Moritella viscosa, naye hupenda baridi hiyo hiyo inayomdhoofisha samaki. Mchubuko mdogo wa neti unatosha kumfungulia mlango. Samoni asiyekufa hubaki na kovu na kuuzwa kwa bei ya chini. Wafugaji wa huko huwachanja samaki wao, na hujitahidi kutowashikashika wakati wa baridi. Ikiwa samoni hupata taabu hiyo, si ajabu kwamba tilapia, ambaye asili yake ni mito na maziwa yenye joto, hutaabika kwetu.

Katika mabwawa yetu tatizo linaloonekana zaidi ni kuvu. Huota juu ya ngozi, mapezi au mkia kama vijipamba vyeupe au vya kijivu. Kuvu hii huwa ndani ya maji siku zote, lakini huhitaji mahali pa kuingilia. Ngozi ya samaki imefunikwa na ute unaomlinda. Anapovutwa kwa wavu, akamwagwa kwenye ndoo na kupimwa uzani, ute huo na baadhi ya magamba hutoka. Ndiyo maana kuchagua samaki kwa ukubwa, kuwahamisha au kupandikiza vifaranga wapya ni kazi za kusubiri Septemba. Anayelazimika kuvua kwa ajili ya soko na avue wale anaouza tu, mchana kukiwa na jua, badala ya kukokota wavu bwawa zima na kuwarudisha waliobaki.

Turudi kwenye chakula, kwa sababu ndicho kinachomgharimu mfugaji zaidi. Chukua bwawa la mita 300 mraba lenye samaki 1,000 wa gramu 150 kila mmoja. Hao kwa jumla ni kilo 150. Wakilishwa asilimia 3 ya uzani wao, wanahitaji kilo 4.5 kwa siku. Wakati wa baridi, asilimia 1 mara nyingi inawatosha, yaani kilo 1.5. Mfugaji asiyepunguza humwaga kilo 3 za ziada kila siku. Katika siku 60 hizo ni kilo 180. Kila mmoja anajua bei ya kilo moja dukani kwake.

Hasara haiishii mfukoni. Chakula kilichobaki huzama na kuoza, na uozo huo hula oksijeni na kutoa amonia, ambayo huchoma matamvua ya samaki. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji yenye joto, hivyo mtu angetarajia nafuu. Lakini mwani wa kijani, unaotengeneza oksijeni mchana, huhitaji jua. Siku tatu za mawingu mfululizo na sakafu iliyojaa uozo zinatosha kuwafanya samaki wapande juu alfajiri wakihema kwa midomo. Kuongeza samadi katika kipindi hicho ili maji yawe ya kijani huzidisha tatizo.

Kipimajoto cha maji ni kifaa cha bei nafuu na kila mfugaji wa maeneo ya juu anapaswa kuwa nacho. Kitumbukizwe kama sentimita 30 chini ya uso wa maji, saa moja asubuhi na saa tisa alasiri, na vipimo viandikwe daftarini. Maji yakiwa chini ya nyuzijoto 20, lisha mara moja tu, kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Rusha kidogo, subiri dakika 15, kisipoisha, usiongeze. Yakiwa 16 au chini ya hapo, acha kulisha siku hiyo. Samaki mwenye afya hatakufa njaa kwa siku chache.

Kina cha maji nacho husaidia, kwa kuwa bwawa lenye kina cha mita moja hupoa polepole kuliko lililopungua hadi magotini. Ingiza maji ya mto ya kufidia yaliyopotea pekee, maana mito yetu hutoka milimani ikiwa baridi. Kata matawi yanayolitia bwawa kivuli. Wapo wanaofunika bwawa kwa plastiki kama kivungulio cha nyanya, na joto hupanda kweli, ila gharama yake yafaa kupigiwa hesabu kwanza.

Kwa wanaoishi karibu na misitu ya Mlima Kenya na Aberdare, huenda swali sahihi ni kama tilapia anawafaa. Trauti, wa ukoo mmoja na samoni, hustawi katika maji ya nyuzijoto 10 hadi 16, na kituo cha Kiganjo kimekuwepo tangu 1948. Lakini huhitaji maji safi yanayotiririka mchana na usiku, chakula chenye protini nyingi, na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kabla ya kuchepusha mto.

Anayeona samaki wenye vijipamba, vidonda au wanaokufa kila siku aondoe waliokufa, awazike mbali na maji, na amwite afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yake kabla ya kununua dawa yoyote. Abebe daftari la vipimo. Ndilo afisa ataanza kuliulizia. Jua likirejea Septemba, chakula kiongezwe kidogo kidogo kwa wiki mbili, kipimajoto kikiwa bado majini.