Shujaa Huyu Anamlinda Nani?

Pita jioni kwenye vibanda vya video vya Mwananyamala au Tandika. Utawakuta vijana wamebanana mabenchini, wakisikiliza sauti ya Kiswahili ikiwafasiria sinema za ng'ambo. Mashujaa wenye nguvu za ajabu, waliozaliwa katika vitabu vya katuni, wanawavutia mno. Wazazi wengi huona ngumi tu. Je, michezo hiyo yote ni sawa?

Tulinganishe miwili ya Marekani. Katika Luke Cage, wa mwaka 2016, mtu mweusi aliyefungwa bila hatia anafanyiwa majaribio gerezani, na ngozi yake inakuwa haipenyi risasi. Anaishia Harlem akiulinda mtaa. Swali lake ni la ujirani: nani atawasimamia wanyonge wa mtaani?

The Falcon and the Winter Soldier, wa mwaka 2021, unachimba zaidi. Humo yumo Isaiah Bradley, askari mweusi aliyefanyiwa majaribio, kisha akafungwa miaka 30 na jina lake likafutwa. Jambo hilo si ndoto tupu. Kati ya 1932 na 1972, huko Tuskegee, Alabama, maafisa wa afya waliwanyima mamia ya wanaume weusi matibabu ya kaswende ili wauchunguze ugonjwa.

Mchezo wa kwanza unaonyesha nguvu. Wa pili unauliza gharama yake ililipwa na nani.

Mzazi mwenzangu, usikimbilie kuzima televisheni. Keti na mwanao, umwulize: shujaa huyu anamlinda nani, na nani amesahauliwa? Mtoto anayeweza kujibu hayo hakuipoteza jioni yake.