Kabla ya Kulichimba Gitaa

Fundi anayeletewa gitaa la umeme lenye daraja lisilosogea, akaambiwa alifungie tremolo inayoelea, asianze kuwaza mbao wala rangi. Awaze vigingi viwili vitakavyolibeba daraja jipya vitakaa wapi. Kazi nzima inavitegemea hivyo.

Stratocaster ya Fender ilikuwa na tremolo, yaani daraja linalosogezwa kwa mkono wa chuma, tangu 1954, lakini mpigaji akiukandamiza sana mkono huo, nyuzi zilikwama kwenye nati, yaani kile kipande chenye mifereji pale shingo inapokutana na kichwa. Zikirudi, hazirudi mahali pake. Floyd Rose, mpiga gitaa wa Marekani aliyekuwa na vifaa vya usonara, alianza kuishughulikia kasoro hiyo mwaka 1976. Alitengeneza nati inayozibana nyuzi zisiteleze kabisa, kisha akazibana na upande wa pili, darajani.

Daraja hilo halikufungwa kwenye mbao. Linaegemea vigingi viwili vya chuma kwa makali mawili membamba. Nyuzi zinalivuta mbele, springi za mgongoni zinalivuta nyuma, nalo limetulia katikati kama mizani. Uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda, daraja linalala nyuma na nyuzi tano zilizobaki zinapanda sauti zote kwa pamoja. Sasa fikiria uzito wa jambo hili: seti ya kawaida ya nyuzi za 10 hadi 46 huvuta kwa jumla ya karibu kilo 47. Nguvu hiyo, pamoja na ile ya springi, inaishia kwenye mbao chache zinazovizunguka vigingi.

Ndiyo maana ukuta kati ya tundu la kigingi na shimo la pikapu usiachwe mwembamba. Ukiwa mwembamba, kigingi kinaanza kuinama kidogokidogo kuelekea shingoni, gitaa linakataa kukaa kwenye tyuni, na mwisho mbao inapasuka. Kama gitaa lilikuwa na tremolo ya zamani ya skrubu sita, matundu yale yazibwe kwanza kwa vijiti vya mbao ngumu na gundi, yaachwe yakauke vizuri, ndipo utoboe upya. Na utoboe matundu ya vigingi kabla ya kuchimba shimo la daraja, mbao ikiwa bado nzima, ili biti isikwepe upande wenye uwazi.

Kipimo kinaanzia kwenye nati. Magitaa mengi ya Fender yana urefu wa uzi wa milimita 648. Les Paul ni kama 628. Mtengenezaji wa tremolo hutaja umbali wa vigingi kutoka kwenye nati kwa kila urefu, na kwenye Floyd Rose halisi vigingi vyenyewe vinaachana kwa milimita 74 na ushee. Usiukadirie umbali huo kwa jicho. Vitako vya nyuzi vilivyo juu ya daraja vinasogezeka milimita chache tu, kwa hiyo ukikosea zaidi ya hapo, gitaa litakuwa sawa kwenye nyuzi wazi na kupotoka kadiri vidole vinavyopanda shingo. Mstari wa katikati nao usiuchukue kwenye umbo la mwili, kwa kuwa pengine shingo imefungwa upande kidogo. Nyoosha uzi mwembamba pande zote mbili za shingo mpaka darajani, kisha tafuta kati yake.

Kuchimba kwenyewe ni kazi ya ruta na kiolezo cha plaiwudi, ukishuka milimita mbili tatu kila mpito. Hapa wengi husahau kwamba mkono ukikandamizwa, mchi wa chuma ulio chini ya daraja, unaoshikwa na springi, unarudi nyuma, upande wa mkia, kwa hiyo shimo la mgongoni lipanuliwe huko.

Juu, nyuma ya daraja, uamuzi ni wa mpigaji. Akitaka kupandisha sauti pia, mbao ichimbwe ili mkia wa daraja upate pa kuzama. Ibanez JEM ya Steve Vai, iliyotoka 1987, ina bonde lililochongwa mahali hapo kwa sababu hiyo. Eddie Van Halen, aliyeipa Floyd Rose umaarufu mkubwa kuliko yeyote, alilaza daraja lake juu ya mbao, likashuka bila kupanda. Kwangu mimi, anayeshusha sauti tu afuate njia hiyo: mbao nyingi zinabaki, na uzi ukikatika wimbo unaendelea.

Nati ya kubana inahitaji shingo ipunguzwe kwa tupa. Punguza kidogo kuliko unavyodhani, kwani ikikaa chini mno nyuzi zitagonga freti ya kwanza na utalazimika kuiinua kwa vibati. Mwisho, waya wa athi uliokuwa kwenye daraja la zamani uchomelewe kwa risasi kwenye kile kibati kinachoshika springi. Bila huo, gitaa litavuma kila litakapowashwa.