Mtambue Bukini Kabla ya Kumtia Chunguni

Mvua zinapojaza mabonde ya Malawi ya kati, bata wa mwituni hushuka mashambani na kando ya mabwawa, tangu viunga vya Lilongwe hadi wilaya ya Dowa, ilipo kambi ya Dzaleka. Mahali hapo palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa pamekuwa makao ya wakimbizi tangu mwaka 1994. Wengi wao wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika kila pembe ya kambi. Kwa jamaa inayohesabu kila kwacha ya kitoweo, ndege mwenye uzito wa kilo tano ni neema. Lakini neema hiyo yaweza kugeuka msiba iwapo mpishi hajui ni ndege gani aliyeletwa mlangoni.

Watatu wanaofanana

Mkubwa kupita wote ni bukini mwenye kipi. Hakuna bata mwingine wa mwituni barani Afrika anayemfikia kwa ukubwa. Mwili wake ni mweusi unaong'aa kijani, tumbo ni jeupe, mdomo na miguu mirefu ni ya rangi nyekundu. Dume ana ngozi tupu nyekundu usoni. Kwenye kiungo cha bawa umechomoza mwiba mkali, mfano wa kipi cha jogoo.

Wa pili ni bukini wa Misri, ambaye Wamisri wa kale walimchora makaburini mwao. Huyu ni mdogo zaidi, mwenye rangi ya hudhurungi, na ana baka jeusi-jeusi kuzunguka jicho na jingine kifuani. Makinda yake hayana mabaka hayo, nayo huwapoteza wengi.

Wa tatu ni bata mwenye nundu. Kichwa chake ni cheupe chenye madoadoa meusi. Dume ana nundu juu ya mdomo, jike hana.

Wakiwa angani, askari wa doria na atazame mabawa kwanza. Bukini wa Misri huonyesha weupe mpana juu na chini ya bawa. Bukini mwenye kipi huonyesha weupe ukingoni mwa mbele tu. Mwenye nundu ana mabawa meusi matupu.

Sumu isiyokufa motoni

Kumtenganisha mwenye kipi na wenzake kuna sababu nzito. Pengine ndege huyu hula mbawakawa wenye maji yanayotoa malengelenge kwenye ngozi, na sumu yao, iitwayo kantharidini, hubaki katika nyama yake. Jambo hili limejulikana hasa nchini Gambia. Miligramu 10 tu za sumu hiyo zaweza kumwua mtu mzima, na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Dalili zake ni kuungua kinywa na tumbo, kutapika, na kukojoa damu. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, tena waganga waelezwe alichokula.

Si kila ndege wa aina hiyo mwenye sumu, kwani hutegemea chakula alichokula. Lakini hakuna jicho wala ulimi uwezao kuitambua nyama salama na isiyo salama. Kwa hiyo mama wa nyumbani asikubali ndege aliyekwisha kunyonyolewa na kukatwa mabawa, kwa maana manyoya na kipi ndivyo vitambulisho vyake, na hivyo vimekwisha kutupwa.

Askari polisi naye ana wajibu wake. Sheria ya Malawi ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori ya mwaka 1992, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2017, imeuweka uwindaji chini ya leseni. Anayejua kumtaja ndege kwa jina lake aweza kulinda sheria, na papo hapo akalinda afya ya jirani zake.

Kuku wa uani ana nyama kidogo, lakini asili yake yajulikana. Tahadhari kabla ya hatari.