Maji ya kadi: Bei nafuu bila bomba safi haizuii kipindupindu

Na MWANDISHI WETU

KATIKA mitaa ya mabanda jijini Nairobi, afya ya watoto hupimwa kwa mitungi. Siku ambayo maji ni rahisi, watoto huoga, vyombo huoshwa na kila mtu hunawa mikono atokapo chooni. Siku yanapopanda bei, mama huweka kando ya kunywa na ya kupikia, na mengine yote hungoja. Hapo ndipo kipindupindu, homa ya matumbo na maradhi ya kuhara hupata mwanya.

Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kwamba mtu mmoja huhitaji yapata lita 20 za maji kwa siku kwa mahitaji ya kimsingi kabisa. Huo ni mtungi mmoja kwa kila kichwa. Jamaa ya watu watano basi yahitaji mitungi mitano kila siku.

Mnamo 2015, Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi, ikishirikiana na kampuni ya Grundfos ya Denmark, ilizindua mashine za kuuza maji kwa kadi mtaani Mathare. Mteja hutia pesa katika kadi yake, huigusisha kwenye mashine, na maji hutoka kwa kipimo huku bei ikikatwa papo hapo. Wakati huo, mtungi wa lita 20 uliuzwa kwa senti 50. Kulipokuwa na uhaba, wachuuzi walikuwa wakiuza mtungi huo huo hadi Sh50.

Hebu piga hesabu. Mitungi mitano kwa mashine ilikuwa Sh2.50, kwa mchuuzi wakati wa uhaba, Sh250. Kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha siku, tofauti hiyo ndiyo chakula cha watoto.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, wakazi wa Kayole-Soweto walianza kujisomea mita zao za maji. Mteja alituma tarakimu za mita kwa simu ya mkononi, akaletewa bili na kuilipa kwa simu hiyo hiyo, hata kidogo kidogo kadiri alivyopata. Maji yanayofika plotini hayabebwi mbali, na hivyo hayapiti katika mikono na vyombo vingi.

Hatari iko ardhini

Hata hivyo, mashine haizai maji wala kadi haiyasafishi. Hugawa tu yale yanayoletwa na bomba. Katika mitaa hiyo, mabomba mengi ni ya plastiki nyembamba, na mengine hupitishwa ndani ya mitaro ya majitaka. Maji yanapokuwa na nguvu, uchafu hauwezi kuingia. Wakati wa mgao, bomba likibaki tupu, uchafu hufyonzwa kupitia nyufa na viungo vilivyolegea. Maji yanaporudi, anayekinga mtungi wa kwanza ndiye huubeba nyumbani.

Mashine hizi zina faida nyingine isiyoonekana na mteja. Huweka hesabu ya maji yaliyotoka, na afisini waweza kujua siku hiyo hiyo kwamba bomba fulani limekauka. Lakini habari hiyo huokoa maisha tu iwapo kuna fundi wa kutumwa, na bomba la kubadilisha lile lililooza.

Fanya hivi nyumbani

Wakati huo, kila nyumba yaweza kujikinga. Osha mtungi kwa sabuni, ndani na kwenye mdomo wake. Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote kabisa kwa angalau dakika moja, au tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Yahifadhi katika chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, uyamimine badala ya kuchota kwa kikombe. Maji yanayotoka baada ya mgao yamwage kwanza mpaka yatakate.

Mtu akianza kuhara maji maji mfululizo, usingoje asubuhi. Kipindupindu kikali chaweza kuua kwa saa chache, ingawa wengi hupona wakirudishiwa maji mwilini mapema. Mpe maji yenye dawa ya kuongeza chumvi mwilini. Ukiikosa, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Endelea kumnywesha mkiwa njiani kwenda hospitalini.

Na viongozi watakapokuja barazani kuahidi mashine mpya, msiulize tu ni ngapi zitaletwa. Waulizeni bomba litapita wapi, na maji yatakuwa yakikatika siku ngapi kwa wiki.