Mguu ukivimba, si lazima umerogwa

Wadau, huku kwetu pwani mtu akivimba mguu utasikia tu "kakanyaga uchawi". Jirani yetu mmoja kazungushwa kwa waganga hadi mguu umekuwa mzito kama gogo. Jamani, huenda hayo ni matende. Mbu wenye vimelea wakikuuma mara kwa mara wanakuachia minyoo, inaharibu mishipa ya limfu, maji ya mwilini yanakosa njia, mguu unajaa.

Dalili za mwanzo nazijua hizi:

1. Jioni mguu umevimba, ukiuinua na kulala, asubuhi umepungua. Hapa wengi wanadhani wamepona!
2. Ndala inabana mguu mmoja tu.
3. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.
4. Ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia, haifinyiki.
5. Homa ya ghafla, mguu wa moto unauma, mtoki kinenani.

Ukichelewa, uvimbe haushuki tena na ngozi inakuwa ngumu yenye mikunjo.

Kwa hiyo nenda kapime mapema. Nyumbani osha mguu kila siku kwa sabuni, kausha katikati ya vidole, tibu fangasi na vidonda, ukikaa uinue.

Ila ukivimba ghafla na maumivu, au pumzi inakata, wahi hospitali siku hiyo hiyo, huenda damu imeganda.

Mtaani kwenu wanasemaje? Tuambiane.