Injini kuukuu ya mvuke kwanza itafutiwe kazi

NAKURU ni mji uliozaliwa na reli. Njia ya gari la moshi kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka wa 1900, na kwa miongo mingi iliyofuata wakazi wa Milimani, mtaa ulio kwenye mteremko wa Menengai, walisikia firimbi za injini za mvuke zikijiandaa kuupanda ukingo wa Mau. Enzi hiyo ilikoma nchini Kenya takriban mwaka wa 1980.

Hata hivyo, swali halijakoma: je, injini hizo zaweza kurudishwa relini? Jibu ni ndiyo, mradi ijulikane mapema zitafanya kazi gani. Injini hufufuliwa kulingana na mzigo, umbali na uzito ambao reli yenyewe inaweza kuuhimili.

Tuanze na injini ndogo. Injini ya safari ndefu kwa kawaida hukokota behewa lake la maji na makaa. Injini-tangi haina behewa hilo. Akiba yake yote huibeba juu ya fremu yake. Faida yake ni kwamba huenda mbele na nyuma kwa wepesi uleule. Hasara yake ni kwamba haifiki mbali kabla ya kuishiwa. Ndiyo maana ilifaa kupanga mabehewa stesheni na kuhudumia reli za matawi. Kati ya 1926 na 1930, kiwanda cha Vulcan Foundry cha Uingereza kilitengeneza injini 27 za aina hii kwa ajili ya reli ya Kenya na Uganda, nazo zikaitwa ED1.

Injini kama hizo zinapokosa kazi, si lazima zivunjwe. Katika miaka ya 1930, biashara ya makaa ya Wales ilipodorora, kampuni ya Great Western ya Uingereza ilibaki na injini-tangi nyingi zilizokaa bure. Kuanzia 1934, injini 54 zilirefushwa fremu upande wa nyuma, zikaongezwa ekseli moja, na sehemu ya makaa ikapanuliwa kutoka tani nne hadi sita. Injini zilizotengenezewa safari fupi za migodini zikaanza kuvuta mizigo masafa marefu.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mageuzi yake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, injini zilizochoma kuni na makaa zilibadilishwa zichome mafuta mazito. Baadaye injini nyingi zilifungwa dohani bapa iliyobuniwa na mhandisi wa Austria, Giesl, ili moto uvute hewa vizuri zaidi kwa nguvu ndogo. Injini ilikuwa ileile, lakini ilifanya kazi zaidi kwa mafuta machache.

Ufufuaji unaojulikana zaidi hapa nchini ni wa injini nambari 5918, Mount Gelai, ambayo ilirudishiwa uhai mwanzoni mwa miaka ya 2000 baada ya kukaa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Hii ni Garratt ya daraja la 59, mojawapo ya 34 zilizoundwa 1955 na 1956. Ina uzito wa tani 252, na boila yake imening'inizwa kati ya seti mbili za magurudumu zinazobeba maji na mafuta. Iliyozoea kuvuta shehena ya Mombasa ikapewa kazi ya kuvuta watalii.

Lakini ukubwa huo una gharama. Kila ekseli yake ya kuendeshea hukandamiza reli kwa takriban tani 21. Uzito huo haufai katika reli nyepesi ya tawi, kama ile iliyotoka Gilgil hadi Nyahururu, iliyofunguliwa 1929. Anayewazia treni ya utalii katika Bonde la Ufa hana budi kupima reli kabla ya kuchagua injini.

Kisha kuna boila, kiungo chenye gharama na hatari kuliko vyote. Huondolewa kwenye fremu, unene wa mabati yake ukapimwa na mabomba yaliyochakaa yakabadilishwa. Halafu hujazwa maji baridi na kushindiliwa kwa shinikizo linalozidi lile la kazi. Maji hutumiwa kwa sababu hayabanwi kama mvuke: boila ikipasuka, huvuja tu bila kulipuka. Hata baada ya hapo, maji ya kutumia lazima yatibiwe. Maji yenye magadi, ambayo si adimu katika Bonde la Ufa, hutoa povu ndani ya boila, na yenye chokaa huacha magamba yanayozuia joto.

Vipuri vya injini hizi haviuzwi dukani. Ni lazima vichongwe au vimiminwe upya. Mafundi waliojifunza kazi hiyo enzi za mvuke ni wazee sasa. Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ilirejea Desemba 2021 kupitia reli ya zamani ya upana wa mita moja, kwa hivyo njia ya kupitia Nakuru ipo. Chuma pia kipo. Kilicho hatarini zaidi ni ujuzi, na ujuzi huo utarithiwa tu iwapo vijana wataanza kufunzwa wakati wenye nao wangali hai.