Tamasha la muziki kwa dola moja, lakini Kindu itafikaje?

KINDU – Kwa mpenzi wa muziki aliyeko Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, tiketi ya tamasha ni gharama ndogo. Gharama kubwa ni safari.

Tamasha la Amani lilianza mjini Goma Februari 2014, baada ya vita kulizuia mwaka uliotangulia. Kwa siku tatu, vijana waliingia kwenye uwanja wa chuo cha Mwanga kwa dola moja. Walifuata muziki, na pia nafasi ya kucheza pamoja na watu waliotenganishwa na vita.

Sauti za Busara, iliyoanza Zanzibar mwaka 2004, ina mvuto mwingine. Wenyeji na watalii hukutana Ngome Kongwe kila Februari kusikiliza bendi zikipiga muziki papo hapo, bila kuigiza kwa sauti iliyorekodiwa. Mwenyeji hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni.

Mambo hayo mawili, bei nafuu na muziki halisi, ndiyo ambayo wengi huyataka. Kindu inaongeza la tatu: ukaribu. Barabara ni mbovu, reli inaelekea kusini, na njia rahisi ya kwenda Goma ilikuwa ndege. Tangu waasi wa M23 wauteke mji huo Januari 2025, safari za kawaida za ndege zimesimama.

Hivyo kwa vijana wa Maniema, jukwaa dogo kando ya mto Lualaba lingekuwa na faida kuliko tamasha kubwa wasilolifikia.